Kiti cha Baba Dubu: Kituo Kati ya Kitanda na Miguu

Katika orodha ya vifaa vya tiba, kiti hutajwa mwisho, au hakitajwi kabisa. Kitanda cha mgonjwa huchaguliwa kwa makini, godoro hukaguliwa, mashine za kupimia huandikiwa ripoti; kiti kilicho kando ya kitanda huokotwa popote kilipopatikana. Lakini hakuna mgonjwa anayetoka kitandani na kufika mlangoni bila kupita kwenye kiti. Kutoka kulala huja kuketi, kutoka kuketi huja kusimama, na kutoka kusimama huja kutembea. Kiti kibaya humrudisha kitandani mtu aliyekwisha kunyanyuka. Kiti kizuri kupita kiasi nacho kina hila yake: humkumbatia mtu mpaka asitake kunyanyuka tena.

Makala haya yanakitazama kiti kimoja mashuhuri cha kupumzikia, kilichobuniwa nchini Denmark mwaka 1951. Yanaeleza kilivyotengenezwa na kwa nini mwili hustarehe ndani yake, kisha yanakiweka mbele ya mizani ya tiba. Swali linalosimama nyuma ya maelezo yote ni moja, nalo linamhusu muuguzi wodini, mgonjwa anayerejea nyumbani na kila mwenye mzazi mzee: kiti cha kupumzikia kiweje ili kimsaidie mtu kupona?

Mwana wa fundi viatu

Hans J. Wegner alizaliwa tarehe 2 Aprili 1914 katika mji wa Tønder, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na ukarejea Denmark mwaka 1920. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mwana alikulia miongoni mwa watu waliokula kwa kazi ya mikono yao. Angali kijana mdogo aliingia kwenye karakana ya seremala wa mji huo kujifunza useremala, akaijua mbao kabla hajaijua kalamu ya michoro. Baadaye alikwenda Copenhagen, na kati ya mwaka 1936 na 1938 alisoma katika shule ya sanaa na ufundi ya mji huo. Alipofariki dunia mwezi Januari 2007, alikuwa amebuni viti zaidi ya 500.

Ufundi huo haukuota peke yake. Mwaka 1924 Kaare Klint alianza kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Copenhagen. Klint aliamini kwamba samani huanzia kwenye vipimo vya mwanadamu. Kabla ya kuchora kiti, mwanafunzi alipaswa kujua urefu wa mguu wa mtu kutoka unyayo hadi gotini, upana wa mabega na kimo cha kiwiko mtu anapoketi. Kabla ya kuchora kabati, alipaswa kujua mashati hukunjwa kwa ukubwa gani na sahani huchukua nafasi kiasi gani. Mhudumu wa afya anayemfahamu mtaalamu wa viungo vya bandia ataitambua njia hii mara moja: kwanza mwili, kisha kifaa.

Wegner hakuwa mwanafunzi wa Klint mwenyewe, lakini alifundishwa katika mazingira yaliyojaa fikra zake. Alichoongeza ni imani kwamba mtu hakai namna moja. Huketi wima akisoma, huegemea akichoka, hugeuka ubavu akizungumza, hunyoosha mguu mmoja na kuukunja mwingine. Kwa mtazamo wake, kiti kinachomlazimisha mtu kutulia katika mkao mmoja kimeshindwa kazi, hata kama mkao huo ni mzuri.

Ndani ya kitambaa

Kiti cha mwaka 1951 kilitengenezwa kwanza na karakana ya AP Stolen ya Copenhagen, nacho kilipewa namba 19 katika orodha ya karakana hiyo. Kina mgongo mrefu unaofika kichwani, mto mdogo wa shingo, sehemu pana ya kukalia, na mikono miwili minene inayochomoza mbele kutoka ubavuni. Ncha za mikono hiyo zimefunikwa kwa vipande vya mbao laini vilivyosuguliwa, vya mwaloni au msaji, mahali ambapo viganja hushika. Mhakiki mmoja alipokiona alisema kwamba mikono yake ni kama makucha makubwa ya dubu yanayomkumbatia mtu kutoka nyuma. Tangu hapo Wadenmark wakakiita Bamsestolen, kiti cha dubu, na kwa Kiingereza kikajulikana kama Papa Bear, yaani Baba Dubu.

Anayekitazama kwa nje huona kitambaa cha sufu tu. Kazi kubwa imefichwa ndani. Kuna fremu ya mbao ngumu iliyoungwa kwa ustadi, springi za chuma zilizofungwa kwa kamba, nguo ya gunia, kisha tabaka juu ya tabaka za nyuzi za asili: nyuzi za mimea ya jamii ya mitende, kitani, pamba na singa za farasi. Fundi huzipanga na kuzishona kwa mkono, akiongeza hapa na kupunguza pale, mpaka umbo likubali. Kiti kimoja humchukua fundi siku nyingi za kazi. Karakana ya PP Møbler, iliyoanzishwa na ndugu wawili mwaka 1953, ilianza safari yake kwa kutengeneza fremu za kiti hiki kwa ajili ya AP Stolen, na katika karne hii imekirudisha tena kwenye uzalishaji.

Tabaka hizo zina maana ya kitabibu. Springi hubeba uzito, nyuzi ngumu huusambaza, na nyuzi laini zilizo juu hupokea ngozi. Uzito unaposambazwa juu ya eneo kubwa, mgandamizo katika nukta moja hupungua. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoongoza utengenezaji wa magodoro ya kuzuia vidonda na mito ya viti vya magurudumu. Aidha, nyuzi za asili hupitisha hewa na unyevu, hivyo ngozi haitoki jasho haraka kama inapokaa juu ya plastiki.

Uti wa mgongo unapoegemea

Mtu anapokunja miguu ili aketi, watu wengi hudhani kwamba nyonga ndizo zinazofanya kazi yote. Sivyo. Katika mkao wa nyuzi 90, takriban nyuzi 60 hutokana na kukunjika kwa nyonga, na nyuzi 30 zinazobaki hutokana na mfupa wa nyonga kuviringika nyuma na kiuno kunyooka. Mbinuko wa kawaida wa kiuno, ule ambao mkono huweza kupita mtu akisimama wima ukutani, hupotea. Daktari wa upasuaji wa Denmark, A. C. Mandal, aliufanya ukweli huu kuwa hoja yake kuu tangu miaka ya 1970. Alipowatazama wanafunzi wakiinamia madaftari, alisema kwamba kosa halikuwa la watoto bali la viti, akapendekeza viti vya kazi viwe virefu zaidi na vielekee mbele kidogo ili nyonga ifunguke.

Kiti cha kupumzikia hufungua nyonga kwa njia nyingine: kinalaza mgongo nyuma. Hapo uzito wa kifua na kichwa hauteremki wote kwenye kiuno. Sehemu yake hupokewa na egemeo. Katika miaka ya 1960 na 1970, mtafiti wa Sweden Alf Nachemson na wenzake walipima shinikizo ndani ya diski, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, kwa kutumia sindano yenye kipimio. Waligundua kwamba shinikizo hupungua kadiri egemeo linavyolala nyuma, na kwamba tegemeo la kiuno pamoja na mikono ya kiti huongeza nafuu hiyo.

Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke, walirudia vipimo hivyo kwa vifaa vipya ndani ya mwili wa mtu mmoja aliyejitolea. Kwa mtu huyo, shinikizo wakati wa kusimama lilikuwa takriban megapaskali 0.5, alipoketi kwa kulegea na kuegemea nyuma lilishuka hadi karibu 0.3. Matokeo ya mtu mmoja hayawezi kuwa sheria kwa wote, lakini yanaelekea upande uleule: mgongo ulioegemea hupumzika, na kuketi wima kama askari wa gwaride si sharti la afya.

Hata hivyo, diski ina tabia ambayo mgonjwa wa mgongo anapaswa kuijua. Katika mtu mzima, diski haina mishipa ya damu ya kuilisha moja kwa moja. Hupata lishe kwa kupenya polepole kwa maji na virutubisho kutoka tishu za jirani, na mabadiliko ya shinikizo husaidia maji hayo kuingia na kutoka. Kwa sababu hiyo, mkao bora kuliko yote ukidumishwa kwa saa nyingi hugeuka kuwa mkao mbaya. Hapa Wegner na tabibu wanakutana: upana wa kiti chake humruhusu mtu kugeuka, kusogea na kubadili upande, nao mwili huona faida katika mabadiliko yenyewe.

Boston, mwaka 1952

Wakati mafundi wa Copenhagen walipokuwa wakishona singa za farasi ndani ya kiti hiki, madaktari wawili nchini Marekani walikuwa wakibishana na wenzao kuhusu kiti kama tiba. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wa moja kwa moja, ila yaliangukia majira yaleyale, na la pili linaeleza kwa nini la kwanza lina nafasi katika jarida la afya.

Zama hizo, mgonjwa aliyepatwa na shambulio la moyo alilazwa chali kwa wiki kadhaa, mara nyingi wiki nne hadi sita. Aliogeshwa kitandani, alilishwa kitandani na alijisaidia kitandani. Iliaminika kwamba moyo uliojeruhiwa unahitaji utulivu kamili, na kwamba kumnyanyua mgonjwa ni kumhatarisha. Wengi hawakuuawa na moyo. Damu iliganda katika mishipa ya miguu iliyolala bila kazi, bonge likasafiri hadi mapafuni, na mgonjwa akafa ghafla akiwa ametii kila agizo.

Samuel Levine na mwanafunzi wake Bernard Lown, wa hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, walianza kuwatoa wagonjwa hao kitandani na kuwaketisha kwenye kiti cha mikono katika siku za mwanzo za ugonjwa, kwa muda ulioongezwa kidogokidogo. Mwaka 1952 walichapisha taarifa ya wagonjwa 81 waliotibiwa kwa njia hiyo. Hoja yao ilikuwa ya kifiziolojia. Mtu anapolala chali, damu nyingi hurudi kifuani, moyo hupata mzigo na mapafu hujaa maji. Anapoketi miguu ikiwa chini, sehemu ya damu hubaki miguuni, kifua hufunguka na pumzi huwa nyepesi. Kulikuwa pia na hoja ya moyo kwa maana ya pili ya neno hilo: mgonjwa aliyeketi na kutazama dirishani hujiona mtu anayepona, ilhali aliyelazwa chali kwa wiki sita hujiona maiti anayesubiri.

Mwanzoni walipata upinzani mkali kutoka kwa madaktari waliokuwa chini yao, waliodhani kwamba wanashuhudia hatari. Lakini maafa yaliyotarajiwa hayakutokea, na katika miaka iliyofuata muda wa kulazwa ulipunguzwa hatua kwa hatua. Leo mgonjwa wa shambulio la moyo ambaye hali yake imetulia huketi mapema na hutembea mapema. Nchini Uingereza, daktari Richard Asher alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1947 kuhusu hatari za kumlaza mtu bila sababu: misuli hunyauka, mifupa hupoteza madini, kinyesi hukwama, ngozi hufa na moyo wa kuishi hufifia.

Mafunzo hayo hayajazeeka. Katika wodi yenye shughuli nyingi ni rahisi kumwacha mzee kitandani kwa kuhofia ataanguka. Kila siku anayolala bila ulazima humwondolea nguvu ya mapaja ambayo itachukua siku nyingi kurudi. Kiti kando ya kitanda ni dawa isiyohitaji kuagizwa kutoka mbali. Isipokuwa kama daktari ameagiza vinginevyo, mlo mmoja ulioliwa kitini badala ya kitandani ni mwanzo unaowezekana karibu kila mahali.

Mtego wa starehe

Sifa za kiti cha Baba Dubu sasa zigeuzwe upande wa pili. Ni kipana, kina kina kirefu, na sehemu yake ya kukalia iko karibu sentimita 42 tu kutoka sakafuni kabla mtu hajazama ndani yake. Kwa mtu mzima mwenye afya hayo ni raha. Kwa bibi wa miaka 80 mwenye magoti yaliyolika, ni shimo.

Kusimama kutoka kitini ni moja ya kazi nzito ambazo mwili hufanya kila siku. Mtu huvuta miguu nyuma, huinamisha kifua mbele mpaka uzito ufike juu ya nyayo, kisha mapaja na makalio husukuma. Kiti kikiwa chini mno, magoti huanzia yakiwa yamekunjwa kupita kiasi, na nguvu inayohitajika hupanda. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Janssen na wenzake wa Uholanzi yalionyesha kwamba kuinua kimo cha kiti kunaweza kupunguza mzigo wa goti kwa hadi asilimia 60 na wa nyonga kwa hadi asilimia 50, na kwamba kutumia mikono ya kiti hupunguza mzigo wa nyonga kwa takriban nusu. Hizo si tofauti ndogo. Ndizo zinazoamua kama mzee atakwenda msalani mwenyewe au atamngoja mtu, na anayengoja sana huanza kunywa maji kidogo ili asisumbue wengine. Kutoka hapo, upungufu wa maji, kufunga choo na kizunguzungu haviko mbali.

Wagonjwa wafuatao wanahitaji tahadhari zaidi kabla ya kuketi kwenye kochi la chini na laini.

Aliyebadilishiwa nyonga. Mara nyingi, kulingana na njia ya upasuaji iliyotumika, huelekezwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90 katika wiki za mwanzo. Kochi la chini huivunja amri hiyo bila yeye kujua. Afuate maelekezo ya daktari aliyempasua.

Aliyepooza au asiye na hisia sawasawa, kwa mfano baada ya jeraha la uti wa mgongo. Mtu mwenye hisia husogea bila kufikiri makalio yanapochoka. Asiye na hisia hasogei, na ngozi iliyo juu ya mifupa ya makalio hukosa damu hadi ikafa. Ainuliwe, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, kila baada ya dakika 15 hadi 30, na ngozi ikaguliwe kila siku. Doa jekundu au jeusi zaidi lisilotoweka likibonyezwa ni onyo la mwanzo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo joto, ugumu au maumivu ya eneo hilo vitafutwe kwa kugusa.

Mwenye miguu inayovimba. Kigoda cha kuegemezea miguu humsaidia, lakini mwenye mishipa ya damu ya miguuni iliyoziba, au mwenye moyo ulioshindwa ambaye hukosa pumzi akiinua miguu, asikitumie kabla ya kuzungumza na daktari.

Anayelazimika kulala akiwa ameketi kwa sababu anakosa pumzi akilala chali. Huyo hahitaji kochi bora. Anahitaji kuchunguzwa moyo na mapafu bila kuchelewa.

Kupima kiti kwa mwili

Klint aliwafundisha wanafunzi wake kupima mwili kwanza. Familia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa utepe wa fundi cherehani, bila gharama yoyote.

Kimo. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, mhusika akiwa na viatu anavyovaa nyumbani. Kwa mtu mwenye nguvu, sehemu ya kukalia ilingane na kipimo hicho. Kwa mzee au anayetoka kuugua, iwe juu kidogo, lakini nyayo zikanyage sakafu zote mbili. Kipimo kichukuliwe mtu akiwa ameketi, kwa kuwa mto laini hudidimia. Kochi lililo chini linaweza kuinuliwa kwa vipande imara vya mbao chini ya miguu yake, vilivyochongwa shimo ili visiteleze.

Kina. Mgonjwa aketi mgongo ukigusa egemeo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti kubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukingo ukigusa, hubana mishipa na kumlazimisha kuteleza mbele, na hapo kiuno hubaki bila tegemeo. Mto imara nyuma ya mgongo hupunguza kina kilichozidi.

Mikono. Iwe imara, ifike mbele karibu na ukingo wa kiti, na iwe kwenye kimo cha kiwiko. Katika hili kiti cha Wegner ni mwalimu mzuri: ncha za mbao zimewekwa palepale ambapo kiganja husukuma mtu anaponyanyuka, nazo hufutika kirahisi kuliko kitambaa.

Mto. Uwe laini kwa ngozi lakini usimmeze mtu. Akiketi na kuzama hadi magoti yapite kimo cha nyonga, mto huo umechoka.

Uthabiti. Kiti kisiwe na magurudumu wala kisiteleze sakafuni. Kapeti dogo mbele yake liondolewe.

Kuhusu usafi, ukweli usemwe wazi: kiti cha sufu na singa za farasi hakifai wodini. Hakiwezi kufutwa kwa dawa ya klorini, na damu au mkojo ukipenya ndani hautoki. Wodi inahitaji viti vyenye kifuniko kisichopitisha maji, kisichochanika na chenye mishono michache. Kiti chenye kifuniko kilichopasuka kitengenezwe au kiondolewe, kwa kuwa sponji iliyo wazi huhifadhi vimelea. Nyumbani, makochi ya kitambaa yafagiliwe vumbi mara kwa mara, hasa kama kuna mwenye pumu, na mishono ikaguliwe kunguni.

Jaribio la nusu dakika

Mhudumu wa afya anaweza kupima nguvu za miguu ya mzee kwa kiti cha kawaida kisicho na mikono, chenye kimo cha karibu sentimita 43, kilichoegemezwa ukutani. Mzee huketi katikati ya kiti, hukunja mikono kifuani, kisha husimama wima na kuketi tena, akirudia kadiri awezavyo kwa sekunde 30. Mhudumu husimama karibu na kuhesabu. Akilazimika kutumia mikono ili asimame, alama yake ni sifuri. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 12, au mwanamke wa umri huo asiyefikisha mara 10, huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Viwango hivyo vilitokana na watu wa huko, kwa hiyo faida kubwa ya jaribio ni kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe: mwezi huu na mwezi ujao, kabla ya kuugua na baada ya kuugua.

Jaribio hilo pia ni zoezi. Mzee anayesimama na kuketi mara chache, asubuhi na jioni, akianza kwa kutumia mikono na kuipunguza polepole, hufanyisha kazi misuli ileile inayompeleka msalani na sokoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wapunguze muda wa kuketi na wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wazee waongeze mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki. Kwa asiyeweza kufikia kiwango hicho, kidogo ni bora kuliko bure.

Mwenye maumivu ya mgongo naye ajue mipaka ya kiti. Maumivu mengi hupungua ndani ya wiki chache kwa kuendelea na shughuli na kubadilisha mikao. Lakini ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, miguu kuishiwa nguvu, homa, kukonda, kutoka jasho usiku, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka si mambo ya kubadilishia mto. Kifua kikuu na saratani huweza kujificha kwenye uti wa mgongo. Dalili hizo zinamtaka mgonjwa afike kituo cha afya, na ganzi ya mapajani au mkojo uliokwama vinamtaka afike siku hiyohiyo.

Kiti cha Baba Dubu kimepata sifa kwa jinsi kinavyompokea mtu. Kiti cha mgonjwa kina kazi ya ziada, nayo ni kumwachia. Kabla ya kununua, kukubali msaada wa samani au kupanga kiti kando ya kitanda, mhusika mwenyewe aketishwe kwanza, kisha aombwe asimame. Akisimama bila kushikwa mkono, kiti hicho kinamfaa.